Futa Nyumba Zangu Nne

Kabula,

Kaa chini kwanza. Usisome hii ukiwa umesimama mlangoni na mkoba begani, kama unavyosoma zile jumbe zako za simu. Kaa.

Sikuandikii habari ya blanketi wala ya michembe, viazi vyako vya kukausha. Michembe imo kwenye ndoo ya njano, na blanketi utajua mwenyewe kama unataka kuganda na baridi ya huko Dodoma. Una miaka ishirini na minne, umemaliza chuo. Kama hujui bado kutenga sabuni na nguo, basi walimu wako walikula mshahara wa bure. Nimekaa hapa uani tangu ulipoondoka kwenda Masumbwe kumuaga shangazi yako, na nataka nimalize kabla hujarudi. Nikikuona uso nitaanza kukugombeza juu ya sufuria na hili halitatoka. Najijua. Mdomo wangu ni mwepesi kwa mambo madogo. Kwa hili umekuwa mzito miaka kumi na mitano.

Mwandiko ni huuhuu wa darasa la ngumbaru, usicheke. Nilijifunza kuandika nikiwa na watoto watatu, chaki mkono mmoja na mtoto mgongoni, na nilichokiandika kikasomeka. Hiki nacho utakisoma.

Nina hasira, Kabula. Imeanza Jumapili, pale ulipofungua laptopu yako juu ya meza ya chakula, ukasogeza sahani zangu pembeni kama mali isiyo na mwenyewe, ukasema, "Bibi, njoo uone nyumba zako."

Nikaja. Nikaziona. Nyumba zangu nne zile za upande wa barabara, zimesimama ndani ya kioo, unazigeuza kwa kidole kama mtoto anavyogeuza embe akitafuta pa kung'ata. Ukavua bati, nikaona kenchi. Ukavua kenchi, nikaona kuta zimebaki uchi. Ukagusa tofali moja tu, na maneno yakatoka pembeni: limetoka tanuru gani, lilichomwa siku ngapi, lina nguvu kiasi gani, litakwenda nyumba ipi. Sikuficha, nilishangaa. Ulisema hiyo ndiyo modeli, kwamba nyumba mnaijenga kwanza humo ndani mpaka kwenye msumari wa mwisho, ndipo mnaijenga nje. Na kwamba nyumba zenu hazitajengwa na vitu vipya vya dukani. Mtabomoa nyumba zisizotumika huku kwetu, kila kitu kipewe namba, kisha kikajenge nyumba za bei nafuu kule Nyasubi, Kahama mjini, kwa watu wanaopanga vyumba maisha yao yote. Na siku nyumba hizo zikichoka zifunguliwe tena, boliti kwa boliti, zikajenge nyingine.

"Hakuna kinachotupwa, bibi. Nyumba zako ndizo za kwanza. Zitazaa nyumba za watu."

Ukagusa kitu, na nyumba zangu zote nne zikawaka kijani kama mpunga wa mwezi wa pili. Kijani ni nzuri, ulisema. Njano ina shaka. Nyekundu haifai.

Nikasema, "Haya." Nikaenda kuangalia maharage ambayo hayakuwa na haja ya kuangaliwa.

Sasa sikia. Futa nyumba hizo. Zote nne. Si kesho kutwa ukifika ofisini huko Dodoma, futa leo, kabla hujalala. Msingi wa mawe wa futi tatu niliokuambia haupo. Hakuna msingi. Matofali niliyosema yalichomwa wiki nzima yalichomwa siku tatu, na katikati ya tanuru hayakuiva. Yaliyoiva tuliyapanga upande wa nje, yanakoonekana. Ya ndani ni udongo uliokauka, tukayapaka lipu nyembamba tukamwita fundi rangi. Nilikudanganya. Nilikaa kwenye kigoda hiki hiki, ukaniuliza kwa adabu, kalamu mkononi, nikakudanganya neno kwa neno, na wewe ukaandika.

Utauliza kwa nini mtu ajenge hivyo. Wewe ulikuwa mtoto, hukumbuki kelele za mwaka ule. Zilikuja habari kwamba mgodi utapanuka mpaka huku, kwamba watakuja wathamini kuhesabu mali ya kila mtu, na mwenye nyumba nyingi ndiye atakayelipwa fidia nono. Wiki ile ile kijiji kizima kikawa mafundi. Watu walipanda miche ya miembe iliyobanana kama mchicha. Watu walijenga nyumba kwa siku sita, nyumba zisizo na choo, zisizo na jiko, zisizo na mtu. Tuliziita nyumba za kutegesha. Unategesha nyumba kama unavyotegesha mtego, unasubiri mthamini aingie. Hatukuona haya. Tulicheka. Mzee Makoye jirani yetu alijenga tatu, na mimi nikasema siwezi kupitwa na Makoye, mtu ambaye hata ng'ombe wake wananichukia. Nikajenga nne.

Babu yako alikataa. Alisema yeye hajengi nyumba ya kudanganya macho ya watu. Nikamwambia akae na ng'ombe wake, aniachie akili.

Na hapa ndipo nataka usome polepole, kwa sababu hili hata shangazi yako halijui lilivyokuwa.

Nyumba yetu ya zamani, ile alimozaliwa mama yako, ilisimama juu ya nguzo kumi na mbili za mninga. Nguzo zile hazikuwa zetu. Zilikuwa za mama mkwe wangu. Wakati ule serikali ilipotutoa mashambani kutupeleka kwenye vijiji, mimi nilikuwa mwari, sina hata mwaka kwenye ndoa. Watu walilia, walitupa vitu, walichoma. Mama mkwe wangu hakulia. Alichukua kisu akachonga alama kwenye kila nguzo, mkato mmoja ya mlangoni, mikato miwili ya pembe ya jua linakotoka, hivyo hivyo mpaka kumi na mbili. Kisha akafungua nyumba yake kama mtu anayefungua mzigo, akazifunga nguzo nyuma ya ng'ombe, na tulipofika akazisimamisha kila moja mahali pake. Ilikuwa mara ya tatu nguzo zile kusimamisha nyumba. Mara ya kwanza hata hakuwa yeye, alikuwa mama yake.

Ulipokuwa unanieleza habari ya namba na boliti na kufungua nyumba bila kuivunja, ukadhani sielewi kwa sababu nilinyamaza. Nilikuwa namwona yule mama na kisu chake. Yeye hakuwa na kioo, lakini kila nguzo aliijua ilikotoka na ilikokwenda, na hakuna aliyemdanganya, maana alizigusa mwenyewe.

Basi mimi, mwaka ule wa kutegesha, tanuru langu lilipungukiwa kuni. Kuni zilikuwa zimeisha kijiji kizima, kila mtu anachoma. Mafundi walikuwa wanasubiri, wathamini walisemekana wameshafika Kahama. Nikaibomoa nyumba ya zamani. Nikazitia nguzo za mninga tanurini. Zote kumi na mbili, na mikato yake.

Babu yako alirudi malishoni akakuta moshi. Alisimama pale akasema, "Unachoma nguzo za mama yangu?"

Nikamjibu, "Nachoma matofali. Nguzo ni kuni tu."

Hakuniuliza tena kitu juu ya nyumba mpaka alipokufa. Na kuni zenyewe hazikutosha. Hicho ndicho kinachonitia wazimu mpaka leo. Nilichoma kitu cha kweli nipate kitu cha uongo, na cha uongo chenyewe hakikuiva.

Wathamini walipita upande ule wa mto. Mpaka ulihamishwa. Hatukulipwa hata kidogo, si mimi, si Makoye, na ile miembe iliyobanana ilikufa kwa kunyimana maji. Kijiji kikabaki na nyumba tupu. Mtu mwenye akili angebomoa. Mimi nikapangisha.

Unamjua Rehema. Unamjua kuliko unavyowajua ndugu zako wengine, umekula chapati zake tangu ulipoota meno ya pili. Alikuja hapa kutoka Kigoma akiwa binti kama wewe sasa, akipikia wachimbaji waliokuwa wakishuka duarani, kwenye mashimo ya kuchimbia, na akapanga chumba kwenye nyumba yangu ya pili. Mvua za masika zikaja. Mchana mmoja, amemaliza kuuza chakula, amejilaza kidogo, ukuta ukamlalia. Ulikuwa na miaka tisa. Ulikuwa wa kwanza kufika pale, mimi nilikuwa kisimani.

Tulipomfukua alikuwa hai, na nyonga imevunjika. Ndiyo maana anatembea hivyo. Nilimwambia kila mtu kwamba ni mvua. Mvua ile ilikuwa kubwa, nani angebisha? Nikarudishia ukuta ule kwa lipu nzito, na nyumba ikasimama tena, na leo iko kwenye modeli yako, kijani.

Lakini wewe ulibisha. Unakumbuka? Mimi nakumbuka. Watu wamejaa uani, wanawake wanalia, na wewe umeshika kipande cha tofali mikono miwili, ukasema kwa sauti mbele ya wote, "Bibi, mbona hili ndani ni udongo?"

Nikakupiga kofi. Mbele ya watu wote. Nikasema una midomo, nikasema mtoto hahoji nyumba ya wakubwa. Na wewe ukalitupa lile tofali, na tangu siku ile hukunihoji tena. Watu wakasema, Mama Ngolo amelea, mjukuu wake ana heshima. Nami nikajivuna! Nilijivuna miaka yote hii mpaka juzijuzi mjukuu msomi akaniuliza msingi una kina gani, nikamjibu, na yeye akainamisha kichwa akaandika.

Nilikupiga kwa sababu uliona. Hiyo ndiyo habari. Mengine yote niliyowahi kukupigia, maziwa, mbuzi, kuchelewa shule, hayo sina majuto nayo, ulistahili na pengine ulistahili zaidi. Hilo moja hukustahili.

Sasa na wewe, Kabula, usidhani umepona. Ngoja nikuambie kosa lako.

Wiki mbili zilizopita ulipokwenda kwa Makoye kupima nyumba zake, nilikusikia mpaka hapa. Ulikuwa na nyundo ndogo. Unagonga tofali, unaweka sikio, unagonga lingine. Kila baada ya manne unachomoa moja unalitia kwenye ndoo ya maji. Makoye alikuja hapa mbio, kofia mkononi.

"Mama Ngolo, huyu mjukuu wako ana adabu kweli? Anagonga nyumba yangu kama anayechagua tikiti maji sokoni!"

Nikamwambia, "Si ulisema nyumba zako ni imara? Tikiti lililoiva haliogopi kugongwa."

"Na amelowesha matofali yangu! Nimekwenda kuangalia asubuhi, ndooni kuna uji!"

"Basi tia sukari unywe," nikamwambia, na tulicheka hapa na wewe, nikacheka mpaka nikashika mbavu, ingawa nilijua zamu yangu inakuja.

Zamu yangu ikaja. Ukaja bila nyundo. Ukaja na simu yako, ukazunguka nyumba unapiga picha, kisha ukakaa mkekani miguu umekunja, ukaniuliza. Nikajibu. Ulipouliza zilichomwa kwa kuni gani nikajifunga kanga upya kwanza, ukanitazama, na ulikaribia kuuliza tena. Niliona. Nikasema, "Mkaratusi," na ukaandika mkaratusi.

Kwa nini hukugonga? Makoye ulimgonga. Mjane wa barabarani ulimgonga, ukamkatalia nusu ya nyumba, akakununia. Mimi hukunigonga kwa sababu mimi ndiye niliyekulea mama yako alipokufa, na unaona aibu kumtilia shaka bibi. Aibu hiyo niliipanda mimi, najua, nimeshakuambia. Lakini sasa ni yako. Umeibeba kwenye mkoba pamoja na laptopu unakwenda nayo Dodoma. Na huko kuna wakubwa wengine, wanaume wenye tai na vitambulisho shingoni, watakaokuambia msingi una futi tatu. Utainamisha kichwa? Utaandika mkaratusi?

Kioo chako hakina akili ya kukataa. Kinameza kila kinacholishwa, kinakirudisha kikiwa na rangi nzuri, na mtu akiona rangi hagongi tena. Tofali jipya ukikosea, umekosea nyumba moja. Haya ya kuhamahama ni mengine kabisa. Uongo wangu ulikuwa umekaa hapa kijijini, umevunja nyonga moja, basi. Wewe uliupa namba ukautafutia safari. Baada ya miaka thelathini mtoto wa mtu atafungua ile nyumba, atasoma kwenye modeli yako kwamba tofali hili ni imara, lilichomwa wiki nzima, chanzo cha habari ni mwenye nyumba, na atalijengea tena.

Kuna jingine hulijui. Juzi nilikuambia nakwenda Kahama kupimwa macho. Macho yangu ni mazima. Nilikwenda kwa Rehema.

Siku ile ya laptopu uliniambia kwa furaha kwamba na yeye yumo kwenye orodha, atapata nyumba ya tatu kutoka barabarani, yenye mlango mpana na sakafu isiyo na ngazi kwa ajili ya mguu wake. Umemfikiria, na hilo limeniuma kuliko yote. Umemchorea mlango wa kumpokea, halafu kwenye ukuta wa kulala umempangia matofali yaleyale. Ungemzika mara ya pili, mwanangu, na mimi nikiwa mwenye sahihi.

Nilimkuta Nyasubi kwenye kibanda chake, karai limejaa.

"Shikamoo Mama Ngolo! Leo umetupwa na upepo gani?"

"Marahaba. Acha hizo chapati unisikilize."

"Zitaungua."

"Ziungue."

Nikamwambia. Nilisimama, sikukaa. Nilimwambia habari ya tanuru na nguzo na lipu. Alikuwa anageuza chapati tu, anageuza upande ambao ameshaugeuza. Kisha akasema, hata hakupandisha sauti:

"Mama, mimi nilikuwa chini yake. Unadhani sikujua? Ule udongo uliniingia mdomoni. Tofali lililoiva haliingii mtu mdomoni."

Nikamwuliza, "Mbona hukusema? Miaka yote?"

"Nimwambie nani? Hospitali nzima sikuwa na ndugu. Wewe ndiye uliyekuwa unakuja na uji kila asubuhi. Ningesema, nani angeniletea uji?"

Kabula, nimekuwa nikijihesabia ule uji. Kila nilipokosa usingizi nilikuwa najiambia, lakini uji nilimpelekea. Kumbe alikuwa anaunywa kwa hofu.

Nikamkasirikia. Ndiyo, niko hivyo, nilimkasirikia mtu niliyemvunja nyonga. Nikamwambia angenitukana siku ile tungekuwa tumemaliza. Akaniambia, "Nikutukane nikiwa nimelala, kisha nikuombe unigeuze ubavu?" Wateja wawili walikuwa wamesimama wanasubiri chai, wakajifanya wanasoma bango la simu.

Ndipo nikamwambia yale matofali yanakwenda wapi. Hapo aliacha chapati kweli. Moshi ukatoka.

"Kwangu? Kabula anayaleta kwangu?"

"Hajui."

"Mwambie."

"Nimekuja tushauriane, labda wewe ungemwambia kwa upole, anakupenda..."

"Mimi simwambii mtu kitu!" Sasa alipandisha sauti. "Nimekunyamazia miaka yote, nimechoka kukubebea. Mwambie mwenyewe. Na nyumba naitaka, usidhani siitaki! Mlango mpana naupenda. Lakini ukuta uwe ukuta."

Hayo ndiyo maneno yake na nimekuletea kama yalivyo. Ukuta uwe ukuta. Hakunisindikiza mpaka barabarani, na alifanya vizuri.

Najua unachofikiri sasa. Unafikiri nyumba nne zikitoka, hesabu yote ya Nyasubi inavurugika, nyumba za kwanza hazitatosha vifaa, na wewe ndiye uliyesimama mbele ya wale wakubwa ukasema vifaa vipo. Unafikiri utaingia ofisini siku ya kwanza ukiwa na aibu. Ndiyo, utaingia nayo. Waambie, bibi yangu alinidanganya na mimi sikugonga. Sema vyote viwili, usiseme kimoja. Wakikufukuza, rudi, kuna shamba. Lakini ukikaa kule umenyamaza ili upate kiti, usije kunizika.

Bati ni nzima, hilo ni kweli, mabati ya nyumba zote nne ni mazito, niliyanunua kwa uchungu na hayajashika kutu ila kwenye pembe moja. Milango miwili ni ya mninga, ilitoka nyumba ya zamani, ndicho kitu pekee ambacho sikukitia motoni. Kitie kwenye modeli, kipe namba, na mlango mmoja uende kwa Rehema kama utaingia kwenye upana wake. Kenchi za nyumba ya kwanza fundi alitumia mbao mbichi, zimepinda, kataa. Na pale ulipoandika mwenye nyumba amesema, futa, andika mwenye nyumba alisema uongo, andika na jina langu. Nkwimba. Usiniandike Mama Ngolo, mwanangu Ngolo hakufanya kitu.

Na jiko ulilochora ndani ni dogo mno, hilo nalo ni upuuzi. Mtu atasongea wapi ugali, kabatini? Litoe nje, lipe paa. Nilikuwa nimenyamazia hilo pia.

Imebaki moja na nimeiacha mwisho kwa sababu ninaiogopa.

Hii nyumba tunayolala, ya tano, ulinambia hutaigusa kwa sababu ni makazi yangu. Niliijenga mwaka uliofuata, na matofali yaliyobaki. Sijui ni yapi. Sikutaka kujua. Miaka yote nimelala kichwa upande wa ukuta wa nyuma, na wewe umelala chumba cha pili, na mvua ikinyesha ninakaa kitandani nasikiliza, nikikuambia ni magoti yananiuma.

Kesho asubuhi ukiamka, usije kuniamkia. Sitaki shikamoo yako kwanza. Chukua nyundo ile uliyogongea kwa Makoye, zunguka nyuma, ugonge ukuta wa chumba changu kuanzia chini, tofali moja moja, mimi nikiwa ndani nimelala. Usigonge kwa adabu. Basi lako linaondoka saa nne, una muda. Ukisikia sauti mbaya, sema kwa nguvu, niisikie, na majirani waisikie.

Ukimaliza, ingia uniamkie. Nitaitika.

Bibi yako,
Nkwimba